Nta ya Gobore: Kilwa Uipate Wapi, na kwa Hesabu Gani

Ukifika Nangurukuru, pale barabara ya Kilwa Masoko inapoachana na ile ya Lindi, hukosi mtu mwenye chupa za asali. Mimi nimekuwa nikisimama kuulizia kitu kingine: nta. Mara nyingi naangaliwa kwa mshangao. Mzee mmoja mrina asali, baada ya kuniitikia marahaba, aliniuliza, "Nta ya nini tena, mwanangu? Sisi tukishakamua tunatupa."

Jibu lile liliniuma. Siku hiyo nilikuwa nimetoka dukani kununua mishumaa, nikitafuta cha kuchanganya na mafuta kwa ajili ya gobore la mjomba wangu. Kumbe kitu bora kuliko mshumaa kilikuwa kinamwagwa shimoni, nyuma ya nyumba ya mtu niliyempita njiani.

Mjomba ana gobore lenye leseni, analilaza kwenye sanduku la chuma lenye kufuli, na hulitoa mahindi yanapoanza kubeba. Mara nyingi hushindilia baruti na kitambaa tu, bila risasi, akapiga kelele moja ya kutawanya nyani na nguruwe pori. Gobore si mgeni katika nchi hii. Zamani za misafara ya pembe za ndovu, bunduki za kushindiliwa kwa mdeki ziliingia bara kupitia Kilwa Kivinje, na Vita vya Maji Maji vilipoanza kule Umatumbi mwaka 1905 wapiganaji walikuwa nazo mkononi. Zilizobaki leo ni kuukuu, na bunduki kuukuu inataka kutunzwa kuliko mpya.

Kwa nini basi mafuta, na kwa nini nta? Baruti nyeusi haiungui ikaisha. Zaidi ya nusu ya uzito wake hubaki ikiwa vitu vigumu, sehemu ikitoka na moshi na sehemu ikiganda ndani ya mtutu kama masizi. Masizi hayo yana chumvichumvi zinazovuta unyevu wa hewa, na hewa ya pwani yetu haina upungufu wa unyevu. Ukipiga mara moja bila kilainishi, mara ya pili mdeki unakwama njiani. Kitambaa kilichopakwa nta na mafuta huyafanya masizi yabaki laini, hukwangua yale ya mlio uliopita wakati wa kushindilia, na hakitoki mdomoni mwa mtutu kikiwa kinawaka kirahisi kama kitambaa kikavu. Mwezi wa Septemba, majani yakiwa makavu, hilo la mwisho peke yake linatosha kuwa sababu.

Mafuta peke yake hayafai. Yanateremka kwenye baruti na kuilowesha, kisha gobore linakataa kulia. Nta ndiyo inayoyashika mafuta yakae kwenye kitambaa. Huyeyuka kwenye nyuzijoto kama 62 hadi 64, kwa hiyo jua la Kilwa haliigeuzi maji mfukoni.

Kabla ya kuuliza bei, jiulize unahitaji kiasi gani. Hapa ndipo wengi tunapopoteza fedha. Kitambaa kimoja kinakunywa gramu moja hivi ya mchanganyiko, pengine pungufu. Ukichanganya sehemu moja ya nta na mbili za mafuta kwa uzito, robo kilo ya nta inakupa robo tatu ya kilo ya kilainishi, yaani vitambaa kama 750. Mjomba hafikishi milio 30 kwa mwaka. Robo kilo kwake ni nta ya miaka zaidi ya 20, na nta safi haiozi. Mtu mwenye gobore moja akinunua bonge la kilo tano kwa sababu tu "jumla ni rahisi", amenunua hasara.

Sasa tutafute pa kuipata.

Njia ya kwanza ni masega yaliyokamuliwa, kwa mrina asali mwenyewe. Vijiji vya ndani vya Kilwa, upande wa Njinjo, Kikole, Kipatimu hadi Nanjirinji, vimekaa ndani ya miombo, na mizinga ya magogo na magome imo humo tangu enzi za mababu. Ukielekea Liwale ndiyo zaidi. Asali ya mzinga wa asili ikikamuliwa, kwa kila kilo kumi au kumi na tano za asali inapatikana nta ya kilo moja hivi. Nyuki wenyewe wamegharimika sana kuitengeneza: hula kilo kama sita hadi nane za asali wakatoa kilo moja ya nta. Kuitupa ni kutupa kazi ambayo viumbe hao wameshalipia.

Bei ya masega hayo aghalabu ni mapatano. Nimeyapata bure, nimeyapata kwa kubadilishana na ndoo ya plastiki yenye mfuniko, kitu ambacho mrina anakihitaji kuliko noti. Lakini masega hayalingani. Sega jipya jeupe karibu lote ni nta. Sega jeusi lililolelea majana kwa misimu kadhaa limejaa ngozi zao na chavua iliyokauka, na linaweza kutoa nta chini ya nusu ya uzito wake. Ukiwa na ruhusa ya kuchagua, acha jeusi, hata kama ni jingi zaidi.

Kuisafisha ni kazi ya asubuhi moja. Loweka masega kwenye maji baridi ili asali iliyosalia itoke. Yatie kwenye mfuko wa kitambaa chepesi cha pamba, ufunge, uuzamishe kwenye sufuria ya maji, na uweke jiwe juu yake usielee. Moto uwe wa mkaa mdogo. Maji yasichemke kwa fujo, kwa maana joto kali huifanya nta iwe nyeusi na kupoteza harufu. Nta itatoka kwenye kitambaa na kuelea. Bonyeza mfuko kwa mwiko, epua, funika, uache ipoe polepole hadi kesho. Utakuta mkate wa manjano juu ya maji machafu. Kwangua uchafu ulioshika upande wa chini, na ukitaka safi zaidi rudia. Tumia sufuria ya alumini au chuma kisichoshika kutu: chungu cha chuma cha kawaida huichafua nta rangi, na shaba huipa ukijani. Maji ya mvua ni bora kuliko ya kisima chenye chumvi. Usiyeyushe nta peke yake juu ya moto wa wazi, maana ikipata joto kupita kiasi inashika moto kama mafuta ya kukaangia. Na kazi hii ifanywe mbali kabisa na mahali baruti ilipo.

Nta ya warina wetu huwa na harufu ya moshi, kwa sababu bado wengi wanafukuza nyuki kwa mienge ya moto. Kwa mshumaa au mafuta ya ngozi hilo lingekuwa dosari. Kwa gobore halina madhara, na lisikufanye ulipe zaidi mahali pengine kwa ajili ya rangi nzuri.

Njia ya pili ni kununua nta iliyokwisha yeyushwa kutoka vikundi vya wafuga nyuki. Vikundi vyenye mizinga ya kisasa huuza nta kwa mabonge, na wakati mwingine wanunuzi wa Dar es Salaam huichukua yote, kwa kuwa nta ya Tanzania ina soko Ulaya tangu enzi za Wajerumani. Hapa usidanganywe na bei ndogo ya kilo. Tufanye hesabu ya mfano. Namba hizi ni za kujifunzia, bei ya siku yako utaisikia sokoni. Tuseme nta chafu ni shilingi 6,000 kwa kilo na nta safi ni 10,000. Ukiyeyusha ile chafu, theluthi moja ikageuka kuwa takataka. Kilo ya nta halisi imekufikia kwa 9,000. Ongeza mkaa wa 1,500: umelipa 10,500 na kupoteza asubuhi yako. Ile ya 10,000 ndiyo iliyokuwa rahisi. Kwa hiyo muulize muuzaji akuvunjie bonge mbele yako. Bonge linaweza kuwa la manjano juu na kubeba tope la masega chini, na mizani inapima vyote sawasawa.

Msimu nao una bei yake. Mara baada ya kurina, nta ipo na mwenye nayo anataka kuondokana nayo. Miezi ya mvua kubwa, barabara za ndani zikifunga, hata aliyenayo hawezi kukuletea. Wenyeji wanakumbuka Mei 2024, mafuriko yalipokata barabara kuu pale Somanga na Lindi ikatengana na Dar es Salaam. Kila kitu kilichotegemea basi kilipanda au kilikosekana. Nta haiharibiki, kwa hiyo inunue mapema.

Njia ya tatu ni kuagiza kutoka Tabora au Dar es Salaam kwa mzigo wa basi. Nta ya Tabora ina sifa, na sifa hiyo ni ya haki. Lakini kwa mtu wa Kilwa mwenye haja ya robo kilo, nauli ya mzigo inaimeza faida yote. Njia hii ifanyeni mkiwa wengi. Fundi viatu anapaka nta kwenye uzi wa kushonea, mshona matanga vilevile, mchongaji wa mpingo anaitumia kung'arisha kazi yake. Na kusini kwetu huku, Wamakonde huitumia nta kuchora chale zinazotokeza kwenye nyuso za vinyago vya mapiko. Watu watano wa namna hiyo wakichangia kilo mbili, kila mmoja anatoka na gramu 400 na nauli imegawanywa.

Njia ya nne ni paketi ndogo za nta iliyosafishwa, vipunje vyeupe au vya manjano, zinazouzwa kwa watengeneza sabuni na vipodozi. Kwa kilo hizi ndizo ghali kuliko zote. Paketi ya gramu 100 ikiwa shilingi 4,000, tena kwa mfano tu, kilo ni 40,000, mara nne ya ile ya bonge. Hata hivyo sitaki kumzuia mtu wa Lindi mjini aliye na duka la paketi hizo karibu. Kama haja yako ni gramu 100, shilingi 4,000 zinaweza kuwa ndogo kuliko bodaboda ya kwenda na kurudi kijijini. Bei ya kilo si bei ya haja yako. Soma tu maandishi ya paketi uhakikishe ni nta ya nyuki tupu.

Mishumaa ya dukani niiseme kwa ufupi: acha. Mingi imetengenezwa kwa nta ya parafini, itokanayo na mafuta ghafi ya petroli. Jamii hiyo ya mafuta, pamoja na grisi ya pikipiki na mafuta ya mgando ya kupaka mwilini, ikikutana na masizi ya baruti nyeusi huwa inaacha uchafu mgumu kama lami unaoshikilia ukuta wa mtutu. Mshumaa unaonekana rahisi siku ya kununua, kisha unakulipisha siku ya kusugua.

Kinachonisikitisha ni kwamba mshumaa huo huo ndio unaotumika kughushi nta. Mwaka fulani niliuziwa bonge zuri la manjano, na nilipoliyeyusha lilinuka taa. Tangu hapo sinunui bila kujaribu, nawe usinunue. Tafuna kipande kidogo: nta halisi humeng'enyuka vipandevipande na haigandi menoni; ikiwa na shahamu ya mnyama utahisi utelezi wa mafuta. Vunja bonge: mvunjiko wa nta halisi ni mkavu, wenye chengachenga, hauna mng'ao. Kisha kuna jaribio la mizani ya maji, ambalo ni la uhakika zaidi. Nta ya nyuki ni nzito kuliko nta ya mshumaa, ingawa zote huelea kwenye maji. Chukua kipande unachokijua kuwa halisi, kitie kwenye glasi ya maji, uongeze spiriti polepole huku ukikoroga hadi kianze kuzama taratibu. Kisha tia kipande unachokishuku. Kikibaki kinaelea juu kabisa, kimechanganywa.

Kuna udanganyifu mwingine usio na nia mbaya. Wapo watakaokuletea nta ya nyuki wadogo wasiouma. Asali yao ina thamani kubwa, lakini nta yao imechanganyika na utomvu wa miti, ni nyeusi na yenye kunata. Kwenye kitambaa cha gobore itashika mahali ilipotakiwa kuteleza.

Ukishapata nta, mwenzake ni mafuta, na kwenye mafuta Lindi ni tajiri. Mafuta ya kondoo ndiyo chaguo langu la kwanza: yakichujwa vizuri hayana chumvi, na huganda vya kutosha kusaidiana na nta. Mafuta ya nazi yanapatikana kila nyumba, ila huyeyuka kwenye nyuzijoto kama 24, maana yake kwetu ni maji mchana kutwa. Ukiyatumia ongeza nta kidogo. Mafuta ya ufuta ni hivyo hivyo, na huku ndiko nyumbani kwa ufuta. Mafuta ya mbarika ni mazito na yanashika chuma vizuri. Siagi yenye chumvi usiiguse, chumvi na mtutu ni maadui.

Suala la mafuta ya mnyama gani si dogo kwa watu wa dini. Mwaka 1857 askari wa Kihindi katika jeshi la Waingereza waliasi, na moja ya cheche ilikuwa habari kwamba karatasi za risasi za bunduki mpya ya Enfield, zilizotakiwa kung'atwa kwa meno, zimepakwa mafuta ya ng'ombe na nguruwe. Wakubwa walikuja kuwaruhusu wapake wenyewe mchanganyiko walioupenda, lakini imani ilikuwa imeshavunjika, na Mei mwaka huo mji wa Meerut ukalipuka. Ukitengeneza kilainishi chako, unajua umetia nini. Hiyo nayo ni sehemu ya thamani, na haiandikwi kwenye bei.

Yeyusha nta kwenye sufuria ndogo iliyokaa ndani ya sufuria ya maji, ongeza mafuta, koroga, mimina kwenye kopo la bati. Anza na moja kwa mbili. Paka kitambaa, kiache kivulini hadi adhuhuri. Kikitoa jasho la mafuta, ongeza nta. Kikiwa kikavu na kumeguka, ongeza mafuta. Tengeneza kopo dogo tu, kwa sababu nta haichachi lakini mafuta yanachacha, na yakichacha yanaanza kula chuma.

Kitambaa nacho kina gharama yake iliyofichika. Kanga ya pamba iliyochakaa na kufuliwa mara nyingi haina mpinzani, na haigharimu kitu. Tatizo ni kwamba vitambaa vingi vya siku hizi vina nailoni ndani. Choma uzi mmoja: pamba huacha majivu mepesi yanayosambaratika kidoleni, nailoni na jamaa zake huacha kijipira kigumu. Kijipira hicho ndicho kitakachobaki ndani ya mtutu.

Na hakuna nta inayochukua nafasi ya maji ya moto. Ukimaliza kazi siku hiyo, osha mtutu kwa maji ya moto, ukaushe kabisa, upitishe kitambaa chenye kilainishi chako, na ukague kifa kama hakijaziba. Mtutu wenye ufa au ulioliwa na kutu usiupe nta, usiupe baruti.

La sheria nalisema wazi kwa sababu linagusa mfuko pia. Gobore ni silaha kama silaha nyingine. Linatakiwa kuwa na leseni chini ya Sheria ya Udhibiti wa Silaha na Risasi ya 2015, na kuua mnyamapori bila kibali ni kosa chini ya Sheria ya Uhifadhi wa Wanyamapori ya 2009. Kuingia kurina kwenye hifadhi ya msitu nako kunahitaji ruhusa, kwa hiyo muulize mrina wako masega yametoka wapi. Mwenye gobore la urithi lisilo na karatasi asihangaike na nta. Aende polisi kwanza.

Hukumu yangu ni hii. Anayekaa karibu na warina achukue masega meupe na ayachuje mwenyewe. Hakuna nta rahisi kuliko hiyo. Wa Kilwa Masoko au Lindi mjini anunue nusu kilo ya bonge safi kutoka kikundi, agawane na fundi viatu wa mtaani. Anayehitaji kidogo mno anunue paketi na asione haya. Mishumaa iachiwe giza la umeme unapokatika.

Nawe mrina asali unayesoma haya, au unayesomewa na mwanao: usiyamwage tena masega. Yeyusha hata kwa sufuria ndogo, weka bonge kando ya chupa zako pale Nangurukuru. Wanunuzi tupo.